Makachu wa Forodhani wanatoka ukungu: shata na apecha nizishike vipi?

BintiSteshenari (Unguja)

Assalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Mie nina kisteshenari changu Ng'ambo. Natoa fotokopi, nalamineti vyeti, napiga picha za pasipoti. Kamera yangu Canon 1300D ya mkono wa pili, na lenzi ni ile ile iliyokuja nayo, 18-55. Mwaka wa pili huu ninayo, na kile kiduara cha juu sijawahi kukitoa kwenye Auto. Picha ya pasipoti haina mambo: mtu anakaa kwenye stuli, shuka jeupe nyuma, fleshi, basi, elfu mbili mfukoni.

Sasa nimejitia kiherehere. Jumamosi nilikwenda Forodhani kuwapiga makachu, wale vijana wanaojirusha baharini jioni. Kuna mmoja wa kaptura nyekundu, akija mbio kila mtu anampisha, akifika ukingoni anajigeuza kinyumenyume kama samaki aliyetupwa. Nilimpiga mara kumi na tatu peke yake. Kwenye kioo cha kamera miguu imevutika kama mkia wa pweza na uso ni unga wa chapati uliokandwa nusu. Picha 140 nilipiga siku ile. Zilizotoka safi tatu, na zote tatu jamaa ameshazama, imebaki maji tu.

La pili, picha moja mbingu inatoka rangi ya chungwa tamu, inayofuata imeungua nyeupe pe. Dakika ile ile, ukuta ule ule, mie sijagusa kitu!

Nikarudi nyumbani nikaangalia video mpaka bando likaisha. Kila mmoja anachora pembetatu: shata (kasi ya pazia la kamera), apecha (tundu la lenzi, ndiyo hiyo namba ya f), ISO (kamera inavyouhisi mwanga). Nimeichora na mie kwenye karatasi ya A4 nikaibandika ukutani juu ya printa. Nikahamia M, ile ya kujipangia kila kitu mwenyewe, nikapiga, kiza totoro. Nikageuza namba ya f ikawa kubwa nipate mwanga, kiza kikazidi. Hapo ndipo nilipoitupa kamera kitandani.

Kwa hiyo naomba kueleweshwa na mtu aliyeshika kamera, si aliyeshika pembetatu. Naanza kugeuza kipi? Na kwa nini f ndogo ndiyo tundu kubwa, nani aliamua hivyo? Nina haraka kidogo: wiki mbili zijazo mtoto wa mama mdogo anaolewa, upande wa wanawake mpiga picha wa kiume haingii, na ukoo mzima umeshanigeukia, "si una kamera wewe?"

KondaMstaafu

Dada rudisha Auto ule maisha. Makachu wenyewe hawajui wataangukia wapi, utajua wewe?

MfalmeWaPikseli

Rahisi sana hiyo. Weka f/22 tundu lifunguke mwanga uingie wa kutosha, ISO iache 6400 siku zote, mchezo umekwisha. Karibu.

MzeeWaZenit (Tanga)

Mfalme, kwa heshima zote, umempoteza mtoto wa watu. f/22 ni katundu ka sindano. Angekufuata angepiga picha za usiku wa manane saa kumi jioni. Na ndivyo ilivyomkuta alipokuwa kwenye M.

Binti, mimi nilikuwa na studio ndogo Ngamiani, enzi za kusafisha picha kwenye chumba cha giza na taa nyekundu. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Zenit-E ya Mrusi, nzito kama tofali, lenzi yake Helios ya milimita 58. Kasi zake tano tu: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250 na 1/500, pamoja na B ambayo pazia linabaki wazi muda wote ulioshikilia kitufe. Rola picha 36, zikiisha zimeisha. Kwa hiyo sikufundishwa pembetatu, nilifundishwa hasara.

Nianze na hilo la f maana ndilo linalowatesa wengi. Ulisoma chuo cha Kurani? Basi unazijua nusu, thuluthi, robo na thumni. Ile f ni urefu wa fokasi wa lenzi, zile milimita zilizoandikwa juu yake, na ule mkwaju unaoifuata ni wa kugawanya. f/2 ni nusu ya urefu huo, f/4 ni robo, f/8 ni thumni. Huo ndio upana wa tundu. Sasa nenda kwenye mirathi: mjane ambaye marehemu hakuacha watoto anapata robo, akiacha watoto anapata thumni. Hajatokea mjane akashangilia thumni eti kwa kuwa nane inazidi nne. (Thumni hiyo, si ile sumni ya senti hamsini tuliyonunulia kashata.)

Siku moja kijana aliyekuwa akijifunza kwangu alikwama hapo hapo ulipokwama. Nikafungua mgongo wa Zenit haina filamu, nikaweka B, nikabonyeza na kushikilia, nikamwambia achungulie kwa nyuma. Pazia la kitambaa likasogea pembeni na mwanga wa dirishani ukaingia. Nikageuza ringi ya lenzi. Kwenye f/2 tundu lilikuwa na upana wa kizibo cha soda. Nikaendelea kuzungusha taratibu, vile vibati vya ndani vinafunga kama ua la jioni, mpaka f/16: limebaki punje ya choroko. Hakuuliza tena.

Ngazi zake ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ukipanda ngazi moja mwanga unapungua nusu. Zinaonekana za ajabu, lakini ruka moja moja uone: 2, 4, 8, 16. Halafu 2.8, 5.6, 11. Shata nayo ni hivyo hivyo, 1/125 kwenda 1/250 umekata mwanga nusu. Kwa hiyo ukinyang'anya huku ngazi moja unarudisha kule ngazi moja, na picha inabaki na mwanga ule ule. Hiyo ndiyo pembetatu yako yote, ibandue ukutani.

Sasa makachu. Mtu akianguka mita 3 anafika majini akiwa na kasi ya mita 7 na nusu hivi kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Pazia likikaa wazi 1/60 ya sekunde, mwili umeshateremka sentimita 13, urefu wa kalamu ya wino. Hapo ndipo mkia wa pweza unapotoka. Ukiweka 1/500 anateremka sentimita moja na nusu. Ukiweka 1/1000 haifiki hata sentimita moja. Fungua picha zako uangalie ile kasi iliyoandikwa, nakuapia utakuta 1/60 au jirani yake, kwa sababu Auto haijui kama kuna mtu anaanguka. Inajua kuna giza linaingia tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, jiulize: hapa kinachosogea ni nini, na nakitaka kisimame au kiburuzike? Ukishajibu, shata imejichagua. Vingine vinafuata nyuma kulipa deni la mwanga. Kwa picha ya mtu aliyekaa swali linakuwa jingine: nataka nyuma yake kuonekane au kupotee? Hapo apecha ndiyo inayotangulia. Ukitaka vyote viwili kwa mara moja na mwanga mdogo, utalipia kwa ISO, na malipo yake ni chenga, vile vidoadoa vya kwenye picha.

Hilo la picha moja tamu, nyingine imeungua, kamera yako si mbovu. Inapima wastani wa vilivyomo kwenye fremu. Mbingu ikijaa, inaona kweupe mno, inapunguza, na rangi ya chungwa inatoka. Jamaa akikujazia kioo na mgongo wake mweusi wa kivulini, inaona kiza, inaongeza, mbingu inaungua. Kila anayeruka anaipa jibu jingine.

Kesho fanya hivi. Geuza kiduara kwenye Tv, hiyo ni modi ya kasi: wewe unaweka shata, kamera inajitafutia tundu. Weka 1/1000 na ISO 800. Ukiona namba ya f inapepesa kwenye kioo, kamera inakwambia "nimefungua mpaka mwisho na bado pagiza". Ongeza ISO, au shuka 1/500. Ukishaizoea, hamia M, elekeza kwenye mbingu ya pembeni ya jua, pata namba ambazo mbingu inakaa vizuri, kisha usiziguse kila mtu akiruka. Waruhusu makachu wawe vivuli vyeusi. Forodhani inatazama magharibi, jua liko nyuma yao, na mbingu ina mwanga mwingi wa kukulipia 1/1000. Ukiziwania sura zao saa ile umeshashindwa.

Jambo jingine dogo, na hili ni la bure hata kwa Zenit yenye 1/500: mtu akirushwa juu, pale kileleni kabla hajaanza kushuka anasimama kidogo. Bonyeza hapo. Hata 1/250 inamkamata.

BintiSteshenari

Mzee wangu Mungu akuweke. Nimefungua picha: 1/60, 1/60, 1/60. Yote! Na nimegundua fleshi ilikuwa ikijifyatua yenyewe kila mara, watu wako mita kumi kutoka nilipo. Nilikuwa naimulikia bahari.

La mirathi limeniingia mpaka nimemsimulia mama. Yeye kasema hizo kamera zilitengenezwa na kadhi.

Swali moja tu. Lenzi yangu imeandikwa 3.5-5.6. Ndiyo nini, inajichagulia yenyewe?

MzeeWaZenit (Tanga)

Ukiwa kwenye 18, tundu kubwa kabisa unaloweza kupata ni f/3.5. Ukivuta mpaka 55 linakuwa f/5.6, hata ukikasirika. Tofauti yake ni mwanga mara mbili na nusu. Kwa hiyo jioni usivute, sogea kwa miguu yako.

MfalmeWaPikseli

Sawa nimekosea kwenye f, nilichanganya. ISO nasimamia.

BintiSteshenari

Nimerudi, nguo zimelowa, lakini nina la kusema.

Jana maji yalijaa saa kumi na moja na robo, makachu wanakuja maji yakijaa tu, chini kukiwa na mawe haruki mtu mwenye akili. Nikafika mapema, nikaweka Tv, 1/1000, nikaanza. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Namba ya f inapepesa kwenye 22, nikajua imeziba mpaka mwisho na bado inaungua. Dakika ishirini natukana video za watu. Kumbe usiku wa juzi nilijaribu ndani ya duka nikaweka ISO 3200, nikazima kamera, na ISO haijirudishi yenyewe! Mfalme, nimekukumbuka sana pale.

Nikashusha ISO ikawa 400. Hapo mambo yakaanza. Yule wa kaptura nyekundu alipokuja, nilimfuata na kamera tangu anaanza mbio na nikabonyeza pale kileleni. Nimeangalia kioo nikapiga ukelele, mama mmoja wa Kizungu akageuka. Amesimama hewani kichwa chini, vidole vya miguu vinahesabika, na kuna tone moja la maji linaning'inia kwenye kisigino linang'aa kama ushanga. Nimeikuza, nimeikuza, bado vidole vitano.

Ilipofika saa kumi na mbili na robo nikahamia M kama ulivyosema. Mbingu ya pembeni ya jua, 1/1000, f/5.6, ISO 800. Nikawaacha wawe weusi. Picha arubaini mfululizo na mbingu ni ile ile chungwa, hakuna iliyoungua. Ila lazima usilale: jua likishagusa maji mwanga unakimbia, nilikuwa naongeza kidogo kila baada ya dakika chache. Saa kumi na mbili na dakika hamsini kila kitu kimekwisha. Kwetu hapa magharibi haina subira.

Kosa langu nililojifunza mwenyewe: nilivuta mpaka 55 kumpata mmoja aliyeko mbali, f ikaanza kupepesa. Nikarudi 18 ikatulia. Basi nikateremka kwenye mawe kuwasogelea, na wimbi likanisogelea mie.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Yule muuza juisi ya miwa, ile mashine ya gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono. Taa yake moja tu ya balbu. Nikajiuliza lile swali lako Mzee: kinachosogea ni nini? Gurudumu. Nalitaka lisimame? Silitaki. Nikaweka viwiko juu ya ukuta, 1/15, ISO 800, nikamwomba asitingishe kichwa. Gurudumu limekuwa sinia la fedha linalozunguka, muwa umekatika katikati kwa ukungu, na yeye uso wake umetulia tuli, hata ndevu za kidevuni zinaonekana. Nilipiga sita, tano zimetikisika kwa mkono wangu, moja imekubali. Nimeipenda kuliko makachu wote.

Lakini nimeletewa kesi. Nilimwonyesha wa kaptura nyekundu picha yake ya kivuli, ile ambayo mie nimeona ni kiboko. Akaitazama weee. "Dada, sasa huyu ni mimi au ni nguru?" Anataka sura ionekane aweke kwenye status. Nimwambie nini?

DadaLenzi_Msa (Mombasa)

Shoga yangu, mwambie alipe ndipo aone sura.

Nami napiga harusi hapa Mombasa, upande wa kina mama, mwaka wa saba sasa. Mzee amekupa msingi, mimi nikuongeze ya ukumbini maana huko hakuna mbingu ya kukulipia.

Kwanza, azima lenzi ya 50 f/1.8. Kila mji kuna mtu anayo, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ukilinganisha na yako ikiwa imevutwa kwenye f/5.6, hiyo inaingiza mwanga karibu mara kumi. Utatoka 1/20 ambayo kila anayecheza ngoma ni ukungu, uende 1/200 huku ISO ile ile.

Lakini isikulevye. Mimi harusi yangu ya pili niliifungua f/1.8 mwanzo hadi mwisho, nikaona mambo yako shwari kwenye kioo kile kidogo. Nyumbani kwenye kompyuta: bibi harusi jicho moja kali, jingine linaanza kupotea, na mamake aliyesimama hatua moja nyuma ni wingu lenye dhahabu. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa kamera kama yako na lenzi hiyo, f/1.8 inakupa sentimita 6 tu za vitu vilivyo kali. Sita! Pua na masikio havitoshani humo akigeuza shingo. Mama yule hakunilaumu, aliuliza tu, "hii nyingine iko wapi?" Hakukuwa na nyingine. Sasa hivi mtu mmoja napiga f/2.8, wawili f/4, na kundi la shangazi zote juu ya jukwaa f/5.6 na fleshi naielekeza darini ikiwa dari ni nyeupe na haiko mbali.

La taa. Umeme wetu, huku na huko kwenu, ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa za tyubu na hizi za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona. Ukipiga 1/500 chini ya taa hizo, picha moja njano, nyingine kijani, nyingine ina mstari wa kiza umekata paji la uso wa bibi harusi. Utadhani kamera imerogwa. Shuka 1/100, au 1/50 kama watu wametulia, rangi zitakaa pamoja. Wakati wa kucheza naenda 1/200 nikijua baadhi zitaharibika, napiga nyingi.

Na siku bwana harusi akiletwa na watu wake, kanzu tupu na kofia, kamera itakuonea. Inaona weupe umejaa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sura za watu zinakuwa mkaa. Ndugu zetu hawa ngozi si nyeupe, wakipunguziwa wanapotea kabisa. Kwenye Av (wewe unaweka tundu, kamera inatafuta shata) au Tv kuna ile mizani yenye kutoa na kujumlisha: peleka +1, ukiona bado sura zimezama ongeza thuluthi nyingine. Angalia sura, kanzu iache ing'ae. Kwenye shela la bibi harusi ni vivyo hivyo, ila hapo nyuzi za nakshi zikiungua atalia, kwa hiyo piga jaribio moja kabla hajaketi.

La mwisho si la kamera. Ukimaliza, kina mama watakuuliza picha zitakwenda wapi. Mimi kadi ya memori namkabidhi bibi harusi mbele yao, nachukua kopi kwa ajili ya albamu nikiwa na ruhusa, na simu yangu haijawahi kupiga hata moja. Ndiyo maana wananiita tena.

KondaMstaafu

Mimi niliyesema rudisha Auto naomba radhi. Nimesoma yote. Kumbe picha zangu za harusi mwaka ule nimekuwa mkaa kwa sababu ya kanzu, nilidhani ni jua la Dodoma.

BintiSteshenari

Da Lenzi ahsante sana. Sentimita 6 nimezipima kwa rula ya dukani nikacheka. Na la +1 nimelijaribu leo asubuhi, mzee mmoja kaja na kanzu anataka picha ya pasipoti, shuka jeupe, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Miaka miwili wazee wa namna hii wananitoka weusi na nawasafisha kwenye kompyuta. Leo nimeweka ile mizani, kijicho chake kimeonekana hadi na mboni. Kasema, "leo umekula nini?"

50 nimeshaipata ya kuazima. Imebaki kesi ya kaptura nyekundu.

MzeeWaZenit (Tanga)

Kesi hiyo haitatuliwi na shata wala tundu. Unapiga ukiwa umelitazama jua, sura yake iko kivulini. Ukiongeza mwanga upate sura, mbingu inaungua, na kwa 1/1000 hutoboi bila ISO ya Mfalme. Fleshi yako ya kichwani haimfikii. Hamisha jua. Liwe nyuma yako.

BintiSteshenari

Nyuma yangu kuna bahari, Mzee.

MzeeWaZenit (Tanga)

Ndiyo. Unguja nzima imekosa kihori?

BintiSteshenari

Hahaa! Haya, nimeongea na mjomba, ana kihori chake na atanipiga kasia bure kwa sharti nimpige picha ya pasipoti yeye na wajukuu wote wanne. Maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo leo yanajaa karibu saa kumi na mbili. Nitaingia saa kumi na moja na nusu, jua liko bado juu kidogo na linawapiga usoni. Nimeshaandika kwenye kiganja: Tv, 1/1000, ISO 400, nione f itaangukia wapi, ikianza kupepesa ISO 800. Kihori kitatikisika lakini nadhani 1/1000 hiyo hiyo inanifaa mie kama inavyomfaa yeye, au?

MzeeWaZenit (Tanga)

Inakufaa. Kaa mbele, mjomba nyuma, kamera ifunge kamba shingoni, na lenzi ifute chumvi kabla haijakauka.

DadaLenzi_Msa (Mombasa)

Na ISO uiangalie kabla hujapanda, jamani.

BintiSteshenari

Nimeiangalia. Ilikuwa 3200.